Tunda Tulilolizika kwa Jina la Ndugu Yangu

Mateso yangu yalianza mwaka wa 1976, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikufa mwezi wa pili, mama akamfuata kabla mvua ndefu haijaisha, nikabaki na mdogo wangu wa miaka miwili mgongoni na darasa la tatu kichwani. Nimeanza hapo ili ujue anayekusimulia ni mtu wa aina gani. Mimi si mtu wa ndoto. Pombe sinywi. Miaka yote niliyouza maji kwa punda mjini Migori, nikitoka alfajiri na kurudi gizani, sijawahi kuona jini wala mkia wa jini. Watu wakianza hadithi za wachawi wanaokimbia usiku, mimi nilikuwa nainuka nikalale. Kwa hivyo nikisema haya yalinitokea, yalinitokea. Tena mchana, jua kali, tumbo limeshiba samaki.

Jina la mdogo wangu sitalitaja. Silifichi. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Huyo mtoto nilimlea juu ya mkokoteni. Alilala kwenye gunia katikati ya mitungi ya maji, punda akivuta, mimi nikisukuma pale kwenye mlima. Alipoanza kuongea aliniita Wuon Punda, yaani mwenye punda kwa lugha yetu. Hakuna mwingine aliyethubutu kuniita hivyo. Mimi ni mtu wa hasira, watu walijua. Yeye aliniita hivyo mbele za watu na mimi nikaitika.

Nilimsomesha mpaka kidato cha nne kwa maji hayo hayo. Alipomaliza akaenda kwenye machimbo ya dhahabu, mimi nikabaki na punda, na tulichopata tukanunua ploti moja Migori, karibu na barabara. Hati tukaiandikisha kwa jina lake. Kwa nini lake? Kwa sababu yeye alijua kusoma na kutia sahihi, na mimi nilikuwa natia dole gumba. Niliona fahari hata. Karani alipouliza nani mwenye ploti, nilimsukuma mbele kama bwana harusi.

Baadaye akaoa, mke anaitwa Akinyi, wakapata mtoto wa kiume. Kazi ikawa ngumu, akaenda Uarabuni kulinda malango ya watu. Huko wakamtesa, akatoroka akafika Uturuki. Simu yake ya mwisho ilinikuta Magunga, nyumbani kwetu, nikinyoa ndevu. Akasema, "Wuon Punda, kesho usiku tunavuka bahari na mtumbwi wa mpira. Ng'ambo ni Ugiriki. Nikifika nakupigia." Nikamwambia avae ile sweta ya kahawia. Ndilo neno la mwisho nililomwambia mtu niliyembeba mgongoni. Vaa sweta.

Hakupiga. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata kanisani sijalisema kwa ukamilifu. Ile ploti ilikuwa imekaa wazi, nyasi zimefika kiunoni, na kila mtu kando yake ameshajenga. Mimi nilikuwa nimeshapata nguvu ya kujenga. Lakini hati ilikuwa na jina la mtu ambaye hayuko, na mtu ambaye hayuko hatii sahihi. Ofisini wakaniambia, kama amekufa leta cheti cha kifo. Chifu naye akaniambia, siwezi kuandika mtu amekufa na hakuna kaburi.

Kwetu sisi, mtu akipotea majini na mwili usionekane, kuna njia. Kuna mti unaitwa yago, matunda yake ni marefu na mazito, yananing'inia kwa kamba kama mikono ya watu wanene. Tunda moja linachumwa, linavishwa nguo za aliyepotea, linaitwa kwa jina lake, linazikwa mahali pake nyumbani ili roho yake itulie. Ni desturi nzuri, siikejeli. Imewatuliza wengi. Lakini ni ya mtu ambaye mna hakika amekufa. Mimi sikuwa na hakika. Mimi nilikuwa na haraka.

Wazee walisita. Nikachinja ng'ombe wawili, hawakusita tena. Tukalivisha tunda koti lake la harusi, tukalilaza ndani ya jeneza upande wa kulia wa nyumba yake, na mimi, kaka mkubwa, nikainama kaburini nikaliita jina lake mara tatu. Wanawake wakalia. Akinyi hakulia. Alisimama mlangoni na mwanawe, akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma walisikia:

"Hamna haya? Mnalilia tunda."

"Shemeji, heshimu msiba," nikamwambia.

"Msiba wa nani? Mimi sijaona maiti. Wewe umeona?"

Mwezi uliofuata cheti kilikuwa mfukoni, hati ikahamia kwa jina langu, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimesimamisha vyumba kumi na viwili pale Migori, mabati mapya yakimulika mpaka barabarani. Akinyi nilikuwa nampa unga na karo ya mtoto. Nilijiona mtu mwema kabisa.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nikaenda Ugiriki.

Usishangae. Binti yangu Atieno alikwenda huko kufanya kazi ya hoteli, akaolewa na kijana wa kule anayeitwa Yani, akazaa. Akanitumia tiketi nikamwone mjukuu. Wakaishi wapi? Kisiwani. Na visiwa vya kule ni vingi kama vichuguu vya mchwa huku Lambwe, sijui kwa nini ikawa hicho. Wengine wameniambia ni bahati tu. Sawa, wao hawakuwepo.

Kisiwa chenyewe ni kizuri, siwezi kudanganya. Nyumba nyeupe kama unga wa sembe, milango ya buluu, maua mekundu yamepanda ukutani mpaka juu ya paa. Barabara hakuna, ni ngazi tupu, kutoka bandarini mpaka kileleni. Pweza wameanikwa kwenye kamba kama nguo za kufua. Bahari unaiona kila ukigeuka, na ng'ambo yake, kama milima ya Gwasi unavyoiona asubuhi, milima ya Uturuki. Watalii wamejaa wakipiga picha. Na unajua walikuwa wanafanya nini tena? Walikuwa wanalipa ili wapandishwe ngazi na punda! Nilicheka mpaka Atieno akaniambia baba nyamaza. Mimi maisha yangu yote nimetafuta njia ya kumwacha punda, na hawa wamekuja na ndege kumtafuta.

Nyumbani kwa Yani sikulala. Kwetu baba wa msichana halali chini ya paa la mkwe wake. Atieno akanung'unika.

"Baba, hapa si Magunga. Nani atakuona?"

"Mimi nitajiona."

"Basi utalala wapi, kwa punda?"

"Punda si vibaya. Nimelala nao kabla hujazaliwa."

Wakanitafutia chumba kule chini bandarini, kilikuwa stoo ya nyavu. Kwa hivyo kila siku nilipanda ngazi asubuhi kumwona mjukuu, nikala nao chakula cha mchana, kisha nikashuka kwangu. Kumbuka hilo la kushuka, kwa sababu watu wa kule wakishakula mchana wanalala. Kijiji kizima. Maduka yanafungwa, madirisha yanafungwa, hata paka wanatoweka.

Mama yake Yani anaitwa Maria, mjane, amevaa nyeusi juu mpaka chini. Siku ya pili alinishika mkono nilipoinuka mezani, akaongea maneno mengi. Atieno akatafsiri.

"Anasema usishuke sasa. Kaa kwenye kiti, upumzike mpaka saa kumi. Anasema hii saa si ya kutembea peke yako."

"Kwa nini?"

"Anasema kuna wanaotembea."

"Mchana huu?"

"Ndiyo. Anasema wakikuongelesha usiwajibu."

Nikacheka. "Mwambie kwetu wabaya wana adabu, wanangoja giza."

Atieno alimwambia au hakumwambia, sijui. Maria hakucheka.

Siku ya nne nilishuka kama kawaida, saa saba na nusu hivi. Joto lilikuwa la kuchoma kope. Nyenje walikuwa wanalia kwenye miti ya mizeituni kwa nguvu hata husikii nyayo zako. Pale katikati ya ngazi kuna kanisa dogo, dogo kama banda la kuku, na pembeni yake kuna kivuli ambapo mwenye punda hufunga wanyama wake. Nikasimama hapo kumtazama jike mmoja, kwa sababu tandiko lake lilikuwa linamkwaruza bega. Nikawa nalilegeza. Huyo punda akaanza kutetemeka. Si kurusha teke, si kukasirika. Kutetemeka, ngozi yote, kama anayetembewa na siafu. Nimeishi na punda miaka arobaini na nane na sijawahi kuona hivyo.

Ndipo nyenje wakanyamaza. Wote, mara moja.

Na mtu akaita, "Wuon Punda!"

Kwetu mtoto hufundishwa mapema. Ukiitwa usiku na humwoni anayekuita, nyamaza, ngoja umjue. Lakini nani alitufundisha kuhusu mchana? Niliitika. Niliitika kwa sauti kubwa kama mtu aliyeitwa sokoni. "Eeh!"

Alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi upande wa pili wa kanisa. Ndugu yangu. Sweta ya kahawia, kwenye kiwiko ule mshono wa uzi wa kijani. Niamini, sikuogopa. Kwa nini niogope? Nilidhani yuko hai! Nilidhani alikuwa amejificha kisiwani miaka yote hiyo, na hasira zikanipanda pamoja na furaha, sijui ipi ilitangulia.

"Mjinga wewe!" nikamwambia. "Miaka yote hii! Simu ilikushinda? Hata ya kuomba?"

Akacheka. Kicheko kilikuwa chake kabisa, kile cha kuziba meno kwa mkono.

"Umezeeka, Wuon Punda. Na tumbo umeweka."

"Tumbo nimelitafuta kwa jasho langu. Wewe mbona mkondefu? Unakula nini huku?"

"Chumvi."

Nikadhani ni mzaha. Nikaenda nikamshika bega. Ilikuwa kama kushika samaki aliyetolewa kwenye barafu. Hapo ndipo nikaona suruali yake. Ilikuwa imelowa mpaka magotini, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye jiwe, na jiwe lile halikukauka. Katika joto lile nguo yako ukiifua inakauka ukiwa bado umeishika. Nikatoa mkono wangu. Lakini kinywa kikaendelea, unajua kinywa cha mtu aliyeogopa hakijui kunyamaza.

"Twende juu," nikasema. "Atieno yuko hapa. Ameolewa. Ana mtoto."

"Sitaki juu. Nataka nyumbani."

"Nitakupeleka. Shida iko wapi?"

"Nimeshaenda mwenyewe, mara nyingi. Nafika mpaka langoni, mbwa hanibwekei. Naenda upande wa kulia wa nyumba yangu, mahali pangu, nakuta mtu amelala hapo."

"Mtu gani?"

"Simjui. Hana uso. Ni mrefu, mzito, ana ngozi ngumu ya kijivu, na amevaa koti langu la harusi. Namwamsha haamki. Nikimwuliza jina lake, ananitajia langu."

Ndugu msomaji, mimi nimepigwa na majambazi, nimeumwa na nyoka Lambwe, nimekaa siku mbili ndani ya kisima kilichoporomoka. Sijawahi kuhisi nilivyohisi pale kwenye jua. Jasho liliacha kutoka. Nilisikia baridi kwenye meno.

"Nani alimweka pale?" akauliza.

Nikatazama yale maji kwenye jiwe.

"Wuon Punda, wewe ndiye mkubwa wa boma. Nani alimweka?"

"Wazee," nikasema.

Alinitazama tu. Macho yake yalikuwa yale ya utotoni, yale yaliyokuwa yananitazama kutoka ndani ya gunia. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Na ploti yetu?"

"Ipo."

"Umejenga?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Nataka ulijue hilo. Hakunitisha, hakunikaba, hakunikimbiza. Aliuliza na akangoja. Na mimi, mtu mzima, mjukuu wangu amelala hapo juu, nikasema:

"Bado. Nakungoja wewe."

Akainamisha kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa anajua. Akasema, "Haya." Akateremka ukutani, akaanza kushuka ngazi kuelekea baharini, polepole, na kila hatua akiacha alama ya unyayo wa maji. Nikataka kumwita arudi. Nikafungua mdomo nimwite kwa jina lake.

Jina halikuwepo.

Sielezi vizuri. Sikusahau. Ukisahau jina unajua liko karibu, linakuwasha ulimini. Hili lilikuwa limeng'olewa. Mahali pake palikuwa pamebaki kama pengo la jino. Nilisimama pale nikitoa sauti kama bubu, "a, a, a," na yeye hakugeuka, akaingia majini kwenye ngazi ya mwisho kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nyenje wakaanza tena.

Nilipogeuka, Maria alikuwa kwenye dirisha lake kule juu. Alikuwa ameniona, lakini alichokiona ni mimi nikigombana na ukuta.

Akashuka mbio na nguo zake nyeusi, akinitemea mate pembeni mara tatu kufukuza kibaya, akanivuta mkono kunipandisha. Akamwamsha Atieno. Na kabla sijasema neno lolote kuhusu nguo au mtu, naapa sikuwa nimesema, Maria alimwuliza binti yangu kitu. Atieno akageuka akanitazama.

"Baba, anauliza kama mtu uliyemwona alikuwa na sweta ya kahawia."

Nikakaa chini sakafuni.

Basi nikaelezwa. Mume wa Maria alikuwa mvuvi. Miaka iliyopita, asubuhi moja ya baridi, alikuta maiti ya mtu mweusi imenaswa kwenye nyavu zake. Mtumbwi wa mpira ulikuwa umepasuka usiku. Hakuna aliyemjua, karatasi hakuwa nazo. Maria ndiye aliyemwosha, kwa sababu wengine walikataa. Akakumbuka sweta kwa sababu ya ule mshono wa kijani kiwikoni. Akasema mwanamke aliyeshona pale alikuwa na haraka. Ni kweli. Akinyi aliishona asubuhi ile ndugu yangu anaondoka, gari likipiga honi barabarani.

Wakanipeleka makaburini jioni. Nje ya ukuta wa makaburi yao kuna mawe meupe madogo, kila moja lina namba. Mbele ya namba saba kulikuwa na taa ndogo ya mafuta. Maria amekuwa akiiwasha kila Jumamosi, kwa mtu asiyemjua, miaka tisa. Nikaelewa nilichofanya. Mwili uko kule bila jina, na jina liko kwetu bila mwili, limefungwa ndani ya tunda.

Atieno alilia sana, baba yake mdogo alikuwa akimbeba mabegani. Alipotulia akaniuliza, "Alikuambia nini, Baba?"

Nikamwambia habari ya mtu aliyelala mahali pake.

"Tu?"

"Aliuliza ploti."

"Ukamwambia umejenga?"

Nikatazama kando. Binti yangu ananijua.

"Baba! Hata maiti unamdanganya?"

Nilirudi nyumbani baada ya wiki mbili, na udongo wa lile kaburi kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Wazee nikawaambia tufukue tunda, tuzike udongo. Walikataa. Wakasema kilichoitwa kwa jina kaburini hakifukuliwi, wakasema nitaleta kifo bomani. Safari hii ningechinja hata zizi lote wasingekubali. Nikachukua jembe mwenyewe. Nilichimba asubuhi hadi saa nane, mzee wa miaka sitini na moja, Akinyi amesimama palepale mlangoni kama siku ile, haniulizi, hanisaidii.

Jeneza lilikuwa limeoza. Koti la harusi lilikuwa limebaki vifungo. Lakini lile tunda, niamini ukitaka, lilikuwa zima. Baada ya miaka sita ardhini lilikuwa zima na bichi, kikonyo chake kinatoa utomvu kama lililochumwa asubuhi hiyo. Nilipolinyanyua lilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Najua uzito huo. Mgongo wangu unaujua.

Nikaliweka kando. Nikamwaga udongo wa kopo kaburini. Hapo nikamgeukia Akinyi, nikamweleza yote. Kisiwa, sweta, namba saba. Kisha nikamweleza lililobaki, kwamba sikumzika mumewe kwa ajili ya roho yake, nilimzika kwa ajili ya hati, na kwamba aliponiuliza uso kwa uso nilimdanganya mara mbili.

Kisha akaja, akapiga magoti, akaweka mkono juu ya ule udongo, akamwita mumewe kwa jina.

Niliona midomo yake ikienda. Sikusikia kitu. Nilisikia maji tu, kama mtu aliyezama na sikio limejaa.

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema tena. Maji.

Hivyo ndivyo nilivyo mpaka leo. Daktari wa Homa Bay amenipima masikio akasema ni mazima. Mchungaji ameniwekea mikono. Mtu akilitaja jina hilo mbele yangu, nasikia maji. Wameliandika kwenye msalaba kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, na mimi sasa najua kusoma kidogo, mjukuu mwingine amenifundisha. Nasoma msalaba wa baba, nasoma wa mama. Nikifika hapo naona rangi iliyomwagikiwa na maji. Nimejaribu kuandikiwa kwenye karatasi. Nimejaribu kuimbiwa. Mwanawe, ambaye sasa ni kijana wa chuo, anaitwa jina lake kisha la baba yake, na akijitambulisha kwa wageni mimi nasikia nusu ya mtu.

Ploti niliihamisha mwezi wa kumi na mbili, na vyumba vyake vyote kumi na viwili, kwa jina la Akinyi na mwanawe. Nilidhani siku hiyo nitasikia. Nilitoka ofisini nikamwambia Akinyi, litaje. Akalitaja. Nikamwona ananitazama usoni, na nadhani ni mara ya kwanza alinihurumia.

"Bado, shemeji?"

"Bado."

"Pengine na yeye alikungoja sana," akasema, akaenda zake.

Wewe unayesoma hapa, na najua mko wengi, mna mtu Uarabuni ambaye simu yake haipatikani, mna mtu aliyekwenda baharini akanyamaza. Msiharakishe kumzika. Ngojeni, kisha ngojeni tena. Na mkishazika, msijenge juu yake siku inayofuata. Na wewe uliyealikwa visiwa vya kule, nenda, ni kuzuri, utakula samaki na kupiga picha. Lakini wenyeji wakikuambia pumzika baada ya chakula, pumzika. Ukiitwa kwenye jua kali na nyenje wamenyamaza, usiitike. Kama umeshaitika, basi sema kweli. Ataniuliza tena siku moja, najua, na safari hiyo sitaweza hata kumwita aje karibu.

Pengine unataka kujua nina nini leo. Nina mashine mbili za kusaga, moja Magunga na moja Kegonga. Nina ekari sita za mahindi Lambwe. Nina ng'ombe tisa, pikipiki moja, na nyumba ya matofali ya vyumba vinne niliyoijenga mwenyewe. Nina punda watatu, mmoja mzee, hafanyi kazi. Nina namba ya simu ya Maria, ambaye bado anawasha taa kila Jumamosi. Migori sina kitu.